Kaya Mbili, Ukuta Mmoja

Posho ya Timazi ilikatwa bila hata salamu. Mwezi uliotangulia iliingia kwenye simu yake kama kawaida, mwezi uliofuata simu ikakaa kimya, na baada ya hapo ikaja barua ya ofisi ya ustawi. Ilisema kuwa mnufaika amebainika kuishi na mwenza mwenye kipato, hivyo malipo yake ya ulemavu yamesitishwa, na yale aliyokwisha kupokea mwaka mzima ayarudishe.

Timazi aliisoma akiwa kitandani, akaiweka kifuani, akaita kupitia dirisha la uani.

"Mama watoto."

Bi Pindo alikuwa chumba cha mbele, miguu juu ya kanyagio la cherehani, sare za shule zimemjaa mapajani. Alipoitwa tena akasema bila kugeuka, "Watoto gani? Tuna mmoja, naye kashaolewa."

"Njoo usome. Wanasema nina mwenza mwenye kipato."

"Hongera. Mwambie huyo mwenza aje akufulie."

Alishona pindo zima la sketi kabla ya kuelewa kwamba mwenza anayesemwa ni yeye.

Watu hawa wawili walikuwa wameachana miaka tisa nyuma, tena si kuachana kwa mdomo. Waliachanishwa na mahakama, kwa amri yenye muhuri. Timazi alikuwa mwashi, na jina hilo alipewa kazini, la ule uzi wenye kipande cha chuma ambao mafundi huutundika kupima kama ukuta umenyooka. Ukuta wake haukuhitaji kupimwa. Lakini mtu anaweza kunyoosha kuta za watu na kupinda nyumbani kwake. Bi Pindo alipokwenda kumzika mama yake, Timazi aliuza cherehani ya mkewe ili alipe vibarua waliokuwa wakimsumbua, akijua atanunua nyingine kabla hajarudi. Hakununua. Bi Pindo alirudi na macho mekundu ya msiba, akakuta alama za miguu ya cherehani sakafuni na vumbi limeshaanza kuzifunika. Hakugomba. Alikwenda mahakamani.

Kuachana kulikuwa rahisi, nyumba ndiyo iliyokuwa ngumu. Matofali yalikuwa ya Timazi, bati na milango vilikuwa vya Bi Pindo, na hati ilikuwa na majina yote mawili. Wakitaka kuuza, wanunuzi wanataja bei ya kutukana. Wakitaka kuhama, nani ahame? Mwisho hakimu akawagawia vyumba: mama mbele, kwenye barabara, afanye kazi yake ya ushonaji, baba nyuma, ua wa wote. Wakaishi hivyo kama wapangaji wasiopendana, kila mmoja na jiko lake na kufuli lake.

Kisha Timazi akaanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Nyonga ilivunjika, wakaiunga, haikuungika sawasawa, na tangu hapo akawa mtu wa magongo na kitanda. Ofisi ya ustawi ilimpima, ikampa posho ya ulemavu. Na Bi Pindo, bila kuombwa na mtu, akaanza kumpelekea sahani ya chakula jioni. Hakukuwa na mapenzi ndani yake. Ni kwamba akipika, harufu inavuka ua, na yeye hakuwa na koo la kumeza wali huku mtu amelala upande wa pili wa ukuta akimeza mate. Timazi naye, posho ikiingia, alimpa chochote cha mchele na mafuta. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo. Lingezungumzwa lingeharibika.

Sasa ofisi ilikuwa imelizungumza.

Walikwenda asubuhi kwa teksi, Bi Pindo amekasirika tangu mlangoni kwa sababu alikuwa na sare za darasa zima za kumaliza. Ofisi ilikuwa jengo la ghorofa lenye lifti iliyobandikwa karatasi ya "mbovu" ambayo nayo ilikuwa imechakaa. Kwenye dirisha la kwanza karani aliitazama barua, akairudisha.

"Hii ni ya ghorofa ya tatu. Kitengo cha mapitio."

"Huyu hawezi kupanda ngazi," akasema Bi Pindo. "Ndiyo sababu mnampa posho. Mlikuwa mnampa."

"Basi panda wewe, mama. Wewe si mkewe?"

"Mimi si mkewe."

Karani alimtazama Timazi, akamtazama yeye, akaangalia mkoba wa Timazi ambao Bi Pindo alikuwa ameubeba begani. "Haya," akasema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuingilia ugomvi wa ndani.

Bi Pindo alipanda. Ghorofa ya tatu alikaa kwenye foleni mpaka watu wakaanza kula vitafunio vyao. Alipofika mezani, afisa, kijana nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni, alimuuliza yeye ni nani kwa mnufaika.

"Si ndugu yake, si mkewe. Nimemsindikiza tu."

"Una barua ya uwakilishi?"

"Barua ya nini?"

"Kama si mke huwezi kuuliza habari zake bila barua ya uwakilishi. Ni siri za mnufaika."

"Kwa hiyo nikiwa mkewe nitaambiwa kwa nini mmekata?"

"Ndiyo."

"Na mmekata kwa sababu mimi ni mkewe."

Afisa alifikiri kidogo. "Ndiyo," akasema.

Bi Pindo alishuka ngazi zote, akapata karatasi, Timazi akaandika kwamba anamtuma huyu amwakilishe, akaweka sahihi. Kwenye nafasi ya uhusiano, Bi Pindo alimshika mkono kabla kalamu haijagusa. "Andika jirani," akasema. Akapanda tena. Safari hii afisa alifungua jalada, akasoma kimoyomoyo, akainua uso akiwa na huruma kidogo.

"Mama, sisi hatukubuni. Mkaguzi wetu alikuja kwenu mwezi ule wa mapitio. Mzee mwenyewe ndiye aliyetuambia kuwa anaishi na mke wake, fundi cherehani, ana wateja wengi."

"Alisema nani?"

"Mwenyewe."

Alishuka taratibu kuliko alivyopanda. Timazi alikuwa kwenye benchi chini ya ngazi, amenyoosha mguu mbovu, watu wanauruka.

"Ulimwambia mkaguzi nini?"

Timazi alitazama ncha ya gongo lake. "Aliniuliza ghafla."

"Sikukuuliza aliuliza vipi. Wewe ulimjibu nini?"

"Aliniuliza, mzee, huyu mama wa mbele ni nani wako. Sasa mimi ningesemaje? Mlangoni kulikuwa na watu, wale wanaocheza bao kwa jirani. Niseme naishi nyuma ya nyumba ya mwanamke aliyenikataa?"

"Nyumba yetu," akasema Bi Pindo, kwa sababu hasira ilimkosesha mahali pengine pa kushika. "Miaka tisa. Nimehangaika na karatasi za mahakama mpaka viatu vikaisha soli, ili wewe unioe upya kwa mkaguzi."

"Na wateja wako nikakusifia," akasema Timazi.

Walirudi nyumbani kwa teksi ileile, kila mmoja anatazama dirisha lake, na dereva akazima redio mwenyewe bila kuambiwa.

Yule aliyewapa njia alikuwa mteja wa Bi Pindo, muuguzi aliyeleta gauni kupunguzwa kiuno. Alimwambia kuwa kuna kituo cha msaada wa sheria nyuma ya maktaba, hakuna ngazi, na hawatozi. Bi Pindo alikwenda siku iliyofuata, peke yake, akiwa na barua ya uwakilishi mkononi kama kitambulisho. Alimkuta mwanasheria, binti mwenye sauti ya mafua na meza iliyojaa majalada hadi ikabidi wazungumze kwa kuchungulia.

"Kwanza," akasema mwanasheria baada ya kusoma, "mlipewa nafasi ya kujieleza kabla ya kukatwa?"

"Hatukupewa hata kikohozi."

"Hilo ni kosa lao la kwanza. Hawaruhusiwi kusitisha kabla ya kumwita mtu ajieleze. La pili, ana haki ya kukata rufaa, lakini ndani ya mwezi mmoja tangu alipopokea barua. Mkichelewa, hata mkiwa na haki kama mlima, watawaambia muda umepita."

"Na hizo pesa wanazotaka zirudishwe? Mtu analala kitandani, atazitoa wapi?"

"Rufaa ikishafunguliwa, hawawezi kumdai mpaka isikilizwe. Na kama mtu alipokea kwa nia njema, hakudanganya, anaweza kusamehewa."

"Yeye alidanganya," akasema Bi Pindo. "Alidanganya kuwa mimi ni mkewe."

Mwanasheria alipenga kamasi, labda ili asicheke. "Mama, ngoja nikuulize wewe. Kisheria swali si nani ni mke wa nani peke yake. Swali ni kaya. Kaya ni watu wanaochanganya kipato na kuishi kwa mfuko mmoja. Mnachanganya?"

"Kila mtu na jiko lake."

"Hamli pamoja?"

Bi Pindo alikunja barua ya uwakilishi. "Nampelekea sahani," akasema mwisho. "Jioni."

"Kila jioni?"

"Sasa jioni ipi nimwache?"

Mwanasheria akaandika. "Watakuuliza hilo. Usifiche. Ukificha na jirani mmoja akasema ameona sahani, tumekwisha. Sahani si kaya, lakini uongo ni uongo."

Bi Pindo alirudi nyumbani kichwa kinamuuma. Alijiona mjinga. Kwa miaka mitatu alikuwa akibeba sahani ile kwa siri ya moyo wake, akijiambia kuwa ni utu tu, na kumbe serikali nzima imekaa inaipima sahani kama ushahidi. Jioni ile alipika, akapakua, akasimama uani na sahani mkononi. Akawaza: nikimpelekea nampokonya posho, nisipompelekea nampokonya chakula. Alimpelekea. Aliiweka kwa kishindo.

"Maharage yameungua," akasema Timazi.

"Kata rufaa," akasema Bi Pindo.

Siku zilizofuata zilikuwa za nenda rudi. Nakala ya amri ya talaka ilikuwa imeliwa na mchwa sehemu ya muhuri, ikabidi aende masijala ya mahakama kuomba nyingine. Masijala wakamwambia jalada limehamishiwa stoo, na mwenye funguo za stoo yuko likizo. Alipigwa danadana mpaka mlinzi wa getini akawa anamsalimia kama mfanyakazi mwenzake. Sare za shule zilichelewa, mwalimu mkuu akampigia simu, akamwomba radhi. Majirani aliowaendea waje kutoa ushahidi walimsikiliza kwa heshima, kisha mmoja akamwambia, "Lakini mama, mbona sisi tulijua mmerudiana?"

"Nani aliwaambia?"

"Si unampelekea chakula."

Hata binti yao, aliyekuwa ameolewa mji mwingine, alipiga simu na kusikiliza habari yote hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mama, kwa nini msirudiane tu, yaishe?"

"Tukirudiana ndiyo posho inakatwa kihalali, mwanangu."

"Mimi sisemi habari ya posho."

"Mimi nasema habari ya posho," akasema Bi Pindo, na kukata simu, na kushona mkono wa kulia mahali pa mkono wa kushoto, ikabidi afumue.

Kilichomchosha zaidi hakikuwa ofisi. Alikuwa Timazi mwenyewe. Mwanasheria alikuja siku moja kumwandaa, akakaa kwenye kigoda karibu na kitanda, akamuuliza swali la mazoezi: "Mzee, huyu mama ni nani wako?" Na Timazi akasema, "Mama wa mtoto wangu." Akaulizwa tena. "Ni mtu wa hapa nyumbani." Mara ya tatu akasema, "Wewe si umeshaandika? Soma ulichoandika." Bi Pindo aliyasikia yote kupitia dirishani. Mtu aliyenyoosha kuta za nusu ya mji alikuwa hawezi kunyoosha sentensi moja.

"Atasema tu siku ile," mwanasheria alimwambia Bi Pindo wakati wa kuondoka.

"Humjui," akasema Bi Pindo.

Amri ya mahakama ilipatikana, mwenye funguo aliporudi likizo. Rufaa iliingia ndani ya muda. Wakaitwa.

Bodi ya rufaa ilikaa kwenye ukumbi wa chini wa jengo lilelile, shukrani kwa lifti mbovu. Walikuwa watatu nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, ambaye kila baada ya sentensi kadhaa alipunguza kasi ya feni kwa sababu ilimpeperushia karatasi, kisha akaiongeza kwa sababu ya joto. Mkaguzi aliyekwenda nyumbani kwao alikuwepo, mtu mnene mwenye adabu. Alisema alifika, akamuuliza mnufaika swali, akajibiwa, akaandika. Mwanasheria alimuuliza kama aliingia ndani kuona majiko ni mangapi. Hakuingia. Kama alimuuliza yule mama mwenyewe. Hakumuuliza, alikuwa na wateja. Kama alimwambia mzee kwamba jibu lake litaweza kumkatia posho. Mkaguzi akatazama viatu vyake. "Hatuna kawaida hiyo," akasema.

Ikaja zamu ya Bi Pindo. Mwenyekiti alimtazama juu ya miwani.

"Mama, unampikia huyu bwana?"

"Nampikia."

Mjumbe mmoja aliandika kitu. Mwanasheria hakusogea.

"Kila siku?"

"Jioni. Mchana anajipikia mwenyewe, vibaya."

"Kwa nini unampikia kama si mume wako?"

Bi Pindo alikuwa ameandaliwa jibu la swali hilo, jibu zuri lenye maneno kama hiari na msaada wa kibinadamu. Lakini alikuwa amechoka. Alikuwa amechoshwa na ngazi, na masijala, na majirani, na kila mtu aliyemwangalia na kuinamisha kichwa pembeni kana kwamba anamwonea huruma kwa kutojua moyo wake mwenyewe.

"Mheshimiwa, wewe una jirani?"

"Ninaye."

"Akianguka akavunjika nyonga, na dirisha lake likawa linatazamana na jiko lako, utamwambia asubiri kwanza mkaguzi aje? Mgonjwa haulizwi uji. Mimi nampa chakula kwa sababu ana njaa na mimi ninacho. Simfulii, simnunulii nguo, sijui ana nini mfukoni, na yeye hajui nina nini kwangu. Posho ikiingia ananipa cha mchele. Miezi hii haikuingia, hakunipa, na sikumdai. Kama huko ndiko kuolewa, basi nimeolewa na paka wa mtaa mzima."

Mjumbe wa kushoto alikohoa. Mwenyekiti aliipunguza feni.

"Ahsante. Mzee, nawe. Usisimame, kaa tu. Huyu mama ni nani wako?"

Timazi alikuwa ameshika magongo yote mawili mbele yake kama mtu aliyeshika uzio. Alitazama meza, akatazama mkaguzi. Bi Pindo alijikuta anabana kishikizo cha mkoba wake, na akajua, kama alivyojua siku ile ya vumbi sakafuni, kwamba mtu huyu atamwangusha tena.

"Alikuwa mke wangu," akasema Timazi.

"Na sasa?"

"Sasa si mke wangu." Akarudia vizuri zaidi. "Si mke wangu. Mahakama ilituachanisha. Miaka tisa. Mimi ndiye sikutaka kusikia. Mkaguzi aliponiuliza nilisema mke, kwa sababu ya aibu tu. Yeye hakujua. Kama kuna kosa la kusema uongo ni langu, msimtie yeye."

Mwenyekiti akaandika. "Ana mapenzi na wewe?"

"Hana," akasema Timazi. "Ana huruma. Na hata hiyo ina maneno mengi."

Walipotoka nje walikaa kwenye benchi kungoja teksi. Jua lilikuwa kali, mwanasheria alikuwa ameshakimbilia kesi nyingine. Bi Pindo alikuwa ametazamia kufurahi. Maneno aliyoyadai miaka tisa yalikuwa yamesemwa mbele ya mashahidi, tena kwa Kiswahili fasaha, na yeye alihisi kama mtu aliyevuta mlango kwa nguvu zote kumbe haukuwa umefungwa.

"Nimesema vizuri?" akauliza Timazi.

"Umesema vizuri."

"Basi usije ukaniuliza tena nilimjibu nini mkaguzi."

"Sina haja."

Uamuzi ulikuja baada ya wiki kadhaa. Bodi iliona kwamba mkata rufaa na mama huyo, ingawa wanakaa chini ya paa moja, ni kaya mbili. Kwamba chakula cha hisani hakimfanyi mtu mwenza. Kwamba posho irejeshwe pamoja na malimbikizo ya miezi iliyosimama, na deni lifutwe. Bi Pindo aliusoma uani kwa sauti. Timazi aliomba arudie pale penye "kaya mbili", akatikisa kichwa polepole.

Pesa hazikuja. Bi Pindo alisubiri, akaenda tena, dirisha la kwanza, karani yuleyule.

"Bodi imeamua," akasema karani, "lakini sisi malipo hatujaletewa. Uamuzi ni kitu kimoja, utekelezaji ni kitengo kingine."

"Ghorofa ya ngapi?"

"Ya nne."

Alipanda. Uamuzi ulikuwa ghorofa ya nne kweli, ndani ya trei, umelala chini ya kikombe cha chai. Alisimama mbele ya meza ile bila kuketi mpaka mtu akauchukua, akauingiza kwenye mashine, akamwonyesha kwenye kioo kwamba umeingia. Malimbikizo yaliingia kwenye simu ya Timazi kabla wiki haijaisha.

Na hapo Bi Pindo alidhani yamekwisha. Asubuhi moja alikuwa anapima kola ya shati la mteja aliposikia nyundo. Si ya mbali, ya ndani ya mifupa ya nyumba. Sindano zilicheza kwenye kikopo. Alitoka uani, akazunguka, akamkuta mwashi mmoja, mzee mwenzake Timazi wa kazi za zamani, anatoboa ukuta wa nyuma, ule unaotazama kichochoro, na Timazi amekaa kwenye kiti katikati ya vumbi anaelekeza kwa gongo. Rundo la matofali mapya lilikuwa karibu na mlango wa zamani, ule wa kutokea uani.

"Unafanya nini?"

"Naweka mlango wangu. Wamesema kaya mbili. Nitatokea huku kichochoroni, na ule wa uani nauziba. Asije tena mkaguzi akakuhesabu."

"Walisema kaya mbili. Hawakusema utoboe ukuta wangu."

"Ukuta niliujenga mimi."

"Kwenye kiwanja cha nani?"

Mwashi alishusha nyundo, akapata shughuli ya kufuta jasho. Bi Pindo alirudi ndani, akampigia simu mwanasheria, akamuuliza kama mtu anaweza kuvunja ukuta wa nyumba yenye hati ya majina mawili bila idhini ya mwenzake. Mwanasheria bado alikuwa na mafua.

"Mama, hilo si la ustawi," akasema. "Hilo ni la ardhi. Lina dawati lake, siku za Alhamisi."

Bi Pindo aliifunga simu, akaketi. Akawaza foleni ya dawati la ardhi, na masijala yake, na ngazi zake bila shaka, na mwenye funguo wa stoo yake. Akawaza pia ua usio na mlango upande wa pili, na yeye kila jioni kuzunguka kichochoro kizima, kupita madirisha ya watu wote wanaojua habari zake, na mchuzi unamwagika. Alikasirika upya, kwa sababu aligundua kwamba ameshaamua kuzunguka.

Akatoka tena.

"Wa kichochoroni fungua," akamwambia mwashi. "Wa uani usizibe. Hayo matofali yarudishe yalikotoka."

Mwashi alimtazama yeye, akamtazama Timazi. "Sasa jamani, mimi nimsikilize nani?"

"Msikilize yeye," akasema Timazi, akipangusa vumbi kwenye goti. "Nyumba yake."

"Nyumba yetu," akasema Bi Pindo. Mwashi akatabasamu, na yeye akaona lile tabasamu. "Kwa mujibu wa hati," akaongeza, na kumwambia kuwa tundu alilolianza limekwenda upande, alisogeze kidogo kushoto kabla halijaharibu bimu.

Timazi aliinua gongo, akafumba jicho moja, akapima. "Ni kweli," akasema. "Limekwenda upande."